Jinsi ya Kumwandaa Binti wa Mombasa kwa Mashindano ya CECAFA ya Vijana Wanawake

Kila mara orodha ya timu ya taifa ya vijana wanawake inapotolewa bila jina la binti wa Mombasa, utasikia watu wakisema kwamba wasichana wetu hawajui mpira. Nimewafundisha wasichana wa mji huu kwa misimu mingi, na maneno hayo siyakubali. Wengi niliowaona wakibaki nyuma hawakuangushwa na miguu yao. Waliangushwa na cheti kilichoandikwa vibaya, na ruhusa iliyoombwa usiku wa mwisho, na upungufu wa damu ambao hakuna aliyeupima. Mambo hayo yote hutengenezwa nyumbani na katika uwanja wa mtaa, miezi mingi kabla ya kocha wa taifa kupiga simu, na ndiyo ninayoyaeleza hapa kwa mzazi, kwa mwalimu wa michezo na kwa kocha mwenzangu.

Yajue mashindano yenyewe

CECAFA ni baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, na wanachama wake ni 12: Burundi, Eritrea, Ethiopia, Jibuti, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda na Zanzibar. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, lakini katika kanda hii husimama na bendera yake, na ni vyema mabinti wetu wajue kwamba ndugu zao wa ng'ambo hiyo ya bahari ndio walioandaa mashindano ya kwanza ya wanawake ya kanda mwaka 1986 na kuyashinda. Baada ya hapo wanawake walikaa miaka 30 bila mashindano hayo, hadi yalipofufuliwa Jinja, Uganda, mwaka 2016.

Ya vijana ni machanga zaidi. Mwaka 2019 wasichana wa chini ya miaka 17 walikutana Njeru, Uganda, na wenyeji wakatwaa ubingwa. Mwaka 2021, papo hapo Njeru, yalichezwa ya chini ya miaka 20, na Ethiopia ikatwaa ubingwa. Mwaka 2023 yakahamia Chamazi, Dar es Salaam, safari hii kwa wasichana wa chini ya miaka 18. Tazama jinsi umri ulivyobadilika mara mbili ndani ya miaka minne. Kocha anayemwambia mchezaji wake kwamba "nafasi yako ni ya chini ya 17 pekee" anamfungia mlango ambao huenda ukafunguliwa mwaka unaofuata kwa umri mwingine.

Hesabu ya umri ni rahisi, nayo watu wengi huikosea. Kanuni ya kawaida ya FIFA haiangalii siku ya kuzaliwa ya mchezaji bali mwaka: chukua mwaka wa mashindano, toa 17, na yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari ya mwaka unaoupata, au baada ya hapo, anastahili. Kwa mashindano ya chini ya miaka 17 ya mwaka 2027, kwa mfano, anastahili aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2010, hata kama atatimiza miaka 17 katikati ya mwaka huo. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 18 na kwa 20, kisha uandike matokeo katika daftari lako mbele ya jina la kila mchezaji, ukikumbuka kusoma kanuni za mashindano husika zitakapotolewa.

Ikiwa kuna mzazi anayeuliza mambo haya yanampeleka mtoto wapi, mwambie habari za Junior Starlets. Mwaka 2024 wasichana hao wa Kenya wa chini ya miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche, waliitoa Burundi kwa jumla ya mabao 5–0 na kuwa timu ya kwanza ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu kwa Kombe la Dunia la FIFA. Katika Jamhuri ya Dominika walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakailaza Mexico 2–1. Miaka miwili kabla yake, katika Kombe hilohilo nchini India, Serengeti Girls wa Tanzania walikuwa wameifunga Ufaransa 2–1 na kufika robo fainali. Hawa ni wasichana wa kanda yetu, wanaozungumza lugha yetu.

Karatasi kwanza, mpira baadaye

Namkumbuka beki mmoja wa kushoto kutoka Kisauni, mwenye mbio na akili, aliyechaguliwa katika mchujo akiwa na miaka 15. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema Fatma, daftari la shule lilisema Fatuma, na jina la babu lililokuwamo katika karatasi moja halikuwamo katika nyingine. Marekebisho yalihitaji wiki kadhaa; kambi ilikuwa imebakiza siku nne. Alibaki nyumbani, na nafasi ile ikampita. Tangu siku hiyo simsajili msichana yeyote katika timu yangu kabla sijaziona karatasi zake kwa macho yangu.

Fanya hivyo nawe. Mchezaji anapojiunga, mwombe mzazi cheti cha kuzaliwa, na ulinganishe kila herufi na majina yaliyo katika rekodi za shule. Majina yetu ya Pwani yana njia nyingi za kuandikwa: Mwanaisha na Mwanaasha, Saumu na Swaumu, Hadija na Khadija. Nyumbani ni jina moja, lakini kwa afisa anayekagua usajili wa mashindano ni watu wawili. Tofauti ikionekana, irekebishwe sasa, wakati hakuna anayeharakisha. Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya miezi 6 tangu azaliwe huhesabiwa kuwa amechelewa kuandikishwa, na njia yake ni ndefu zaidi, kwa hiyo mzazi wa aina hiyo asisubiri hata wiki moja. Kadi ya kliniki ya utotoni, ambayo mama wengi huihifadhi sandukuni pamoja na vitu vya thamani, inaweza kuwa msaada mkubwa hapo.

Kinachofuata ni pasipoti. Ni kweli kwamba watu huvuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro kwa hati nyepesi, lakini mashindano ya kimataifa humtambua mchezaji kwa pasipoti yake. Ombi huanzia katika mtandao wa eCitizen, na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 huhitaji, pamoja na mengine, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao, kisha mtoto mwenyewe afike katika ofisi ya Uhamiaji, ambayo kwa Mombasa imo katika jengo la Uhuru na Kazi. Mahali ambapo baba na mama wameachana, au mmoja amefariki, au baba yuko Ughaibuni na hapatikani kwa simu, ulizeni mapema ni karatasi gani zitakubaliwa badala ya saini inayokosekana. Nimeona safari nyingi zikikwama hapo kuliko mahali pengine popote.

Chanjo ya homa ya manjano nayo isiachwe. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na kikishatambulika hudumu maisha yote, kwa hiyo hakuna faida yoyote ya kungoja.

Na umri usidanganywe, kwa hali yoyote. Kipimo cha picha ya kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia mwaka 2009 katika mashindano ya wavulana wa chini ya miaka 17, kilitokana na utafiti wa wavulana, na mifupa ya wasichana hukomaa mapema zaidi. Kwa sababu hiyo, kwa wasichana karatasi ndizo zinazobeba uzito wote. Kocha anayepunguza miaka ya mchezaji mmoja anaitia doa timu nzima, na anachukua nafasi ya mtoto mwingine ambaye umri wake ni wa kweli.

Kubisha hodi

Mwalimu asiyepiga hodi nyumbani kwa mchezaji hana timu, hasa katika mitaa ya Majengo, Old Town, Likoni na Kisauni, ambako familia nyingi bado zina wasiwasi juu ya binti anayecheza mpira mbele ya watu. Wasiwasi huo usiudharau. Nenda alasiri, pamoja na mwanamke mzima ambaye mtaa unamheshimu, wasalimu wazee kwa shikamoo, kisha ueleze mambo kwa uwazi: mazoezi huanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, nani anayewasimamia, watavaa nini, na madrasa yao itapewa nafasi gani katika ratiba. Kwa msichana wa Likoni, eleza kabisa atavuka feri saa ngapi na atakuwa na nani, kwa kuwa mzazi anataka kumwona mtoto nyumbani kabla ya magharibi, na ana haki.

Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mpira wake sina neno nao, wewe niambie tu atalala wapi." Niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nikijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Sasa malazi ndiyo ninayoyaeleza mwanzo: wasichana hulala chumba chao, mlezi wa kike hulala karibu nao, na simu ya mzazi hupokelewa saa yoyote. Baba akikataa, rudi tena baada ya mwezi, na safari hiyo mwalike aje kutazama mazoezi akiwa ameketi pembeni mwa uwanja. Sikumbuki baba aliyekuja mara tatu kisha akaendelea kukataa.

Mavazi yanayokubalika

Hapa ndipo wasichana wengi wa Kiislamu, na wazazi wao, hudhani kwamba mlango umefungwa, kumbe umefunguliwa zamani. Hijabu ilikatazwa uwanjani mwaka 2007, ikaruhusiwa kwa majaribio mwaka 2012, na mnamo Machi 2014 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, ikaipitisha rasmi. Mwaka 2023, nchini Australia, beki wa Morocco Nouhaila Benzina aliivaa katika Kombe la Dunia la wanawake, akiwa wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano hayo ya wakubwa.

Sheria ya 4 ya mchezo ina masharti yake, na refa anaweza kumtoa mchezaji asiyeyatimiza. Kitambaa cha kichwani kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi. Kisiunganishwe na jezi. Kisiwe na kipande kinachoning'inia. Na kisiwe na kitu cha kumdhuru anayekivaa au mwenzake. Maana yake ni kwamba mtandio wa kila siku uliobanwa kwa pini haufai. Mpelekee fundi cherehani kitambaa chepesi kinachonyumbulika na kupitisha hewa, ashone kofia inayofunika nywele na shingo bila pini wala kifungo, na kila msichana apate mbili ili moja ikauke. Suruali ya kubana inayovaliwa chini ya bukta iwe na rangi kuu ya bukta, au rangi ya upindo wake wa chini, na timu nzima ivae rangi moja. Fulana ya mikono mirefu iliyo ndani ya jezi ifuate rangi kuu ya mkono wa jezi. Nunueni vyote kwa pamoja, kwa maana timu ambayo kila msichana amekuja na rangi yake itapoteza utulivu mbele ya refa dakika 10 kabla ya mechi.

Hereni, kipini, bangili, mkufu na hata uzi wa mkononi vyote huvuliwa. Kuvifunika kwa plasta hakukubaliki. Msichana anayetaka kutoga pua na asubiri msimu uishe.

Kuuandaa mwili

Mombasa inatupa zawadi moja na kutunyima nyingine. Zawadi ni joto. Msichana aliyezoea kukimbia katika uwanja wa Tononoka au wa Bomu wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hatashtushwa na jua la Dar es Salaam. Lakini joto lazima lifundishwe kwa adabu: mazoezi yafanywe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni, maji yanywewe kabla ya kiu, na mkojo uwe wa rangi hafifu, maana ukikolea ni dalili kwamba mwili umekauka. Dafu baada ya mazoezi ni zuri na halina gharama kubwa. Wazoeshe pia mapumziko ya kupoa, kwa sababu kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapofika nyuzi 32, FIFA huelekeza mechi isimame takriban dakika ya 30 na ya 75 ili wachezaji wanywe maji. Nahodha mwerevu huzitumia dakika hizo kupanga safu yake.

Tunachonyimwa ni mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu yake, Njeru zaidi ya mita 1,100, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi, moyo hupiga haraka, usingizi wa siku za mwanzo huwa mchache, na mpira wa juu husafiri mbali kuliko mchezaji alivyozoea. Mlinda lango wa Pwani aambiwe jambo hilo kabla hajasimama langoni, na kiungo ajifunze kupunguza nguvu katika pasi ndefu. Ukipata nafasi wakati wa likizo, ipeleke timu Wundanyi, katika vilima vya Taita, kwa siku chache. Siku hizo hazitoshi kubadilisha damu, lakini zinatosha kumfundisha msichana kwamba pumzi ikikatika hafi, na kwamba mbio zinaweza kugawanywa.

Mazoezi ya ufukweni maji yanapokupwa, kule Bamburi au Nyali, hujenga miguu imara, ila yasizidi mara moja kwa wiki. Mchanga hauzoeshi kasi ya pasi, na kwenye nyasi bandia mpira huteleza mbio mno. Njumu za nyasi bandia ziwe na meno mafupi mengi, na zivaliwe nyumbani kwanza hadi ziuzoee mguu.

Damu ya hedhi izungumzwe waziwazi, na izungumzwe na mwanamke. Msichana anayepoteza damu kila mwezi, huku akikimbia kila siku na kunywa chai ya rangi pamoja na kila mlo, anaweza kupungukiwa na madini ya chuma bila kujua. Utamwona amechoka, anahema upesi, na kocha asiyejua atamwita mvivu. Mchicha, kunde, mbaazi, maharagwe, dagaa na maini vinafaa sana, vikiambatana na ndimu au chungwa, na chai isogezwe mbali na chakula kwa saa moja au mbili. Apimwe damu kliniki kabla ya msimu. Pedi ziwe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, kama bendeji zilivyo.

Goti nalo linahitaji ulinzi wa pekee, kwa kuwa wasichana hukatika kano ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. FIFA ina mpango wa kupasha mwili unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi, wenye mbio za polepole, mazoezi ya nguvu na mizani, na kuruka kwa kutua vizuri. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi. Hauhitaji kifaa chochote ila mpira. Wafundishe kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea mbele, lisilalie ndani, na usiuache hata siku ambayo uwanja umepatikana kwa nusu saa tu.

Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaofunga, mazoezi mazito yahamishiwe baada ya tarawehe na mepesi yafanywe karibu na futari. Kama safari itaangukia mwezi huo, uamuzi wa kufunga au kulipa baadaye ni wa msichana na wazazi wake pamoja na sheikh wao, kocha asiuingilie.

Mahali pa kuonekana

Makocha wa taifa hutazama michezo ya shule za sekondari na ligi za wanawake. Michezo ya shule hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda ya Pwani yenye kaunti 6, kisha taifa, na washindi huenda Afrika Mashariki. Kwa hiyo msichana awe na vyote viwili: shule inayoshindana na klabu iliyosajiliwa katika ligi ya FKF, shirikisho la soka la Kenya. Rekodi mechi zake kwa simu, mchezo mzima na si mabao pekee, kwa sababu kocha anataka kuona anafanya nini asipokuwa na mpira.

Anayedai pesa ili jina liingie kikosini, mfukuze na umripoti. Anayemwita msichana peke yake hotelini au chumbani kwa jina la "majaribio", vivyo hivyo. Kila msichana aijue namba 116, ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto, na aambiwe mbele ya wazazi wake kwamba hakuna nafasi ya timu inayostahili kununuliwa kwa kunyamaza.

Simu ikija

Kwanza ithibitishe kwa kupiga mwenyewe shirikisho au kocha anayejulikana. Kisha toa bahasha: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, barua ya idhini ya wazazi, na nakala mbili za kila kimoja, moja ibaki nyumbani. Shule ipate barua siku hiyohiyo, na rafiki wa darasani akubali kumwandikia masomo. Kwa treni ya Miritini au kwa basi la Mwembe Tayari, asisafiri peke yake. Mtu mzima amfikishe hadi mikononi mwa mlezi wa timu, na majina ya wote wawili yaandikwe.

Atakaporudi, huenda awe amecheza mechi zote, au asiwe ameingia hata dakika moja, kwa sababu benchi ni sehemu ya kila kikosi. Mpe siku 5 za kupumzika. Jumamosi inayofuata mkabidhi kipenga mbele ya wenzake wadogo, aongoze dakika 20 za kupasha mwili kama alivyofundishwa kambini, nawe usimame pembeni na daftari lako uandike kila zoezi jipya alilokuja nalo.